Dar es Salaam Mpaka Ihumwa ni Safari ya Saa Ngapi?

Swali hili huulizwa sana hapa shuleni, hasa shule inapofungwa na inapofunguliwa, na majibu yake hayalingani hata kidogo. Mmoja husema ni saa moja, kwa sababu amesikia kwamba ndege haikawii angani. Wa pili husema ni saa tatu na nusu, kwa kuwa ndivyo wasemavyo waliopanda treni ya umeme. Wa tatu, ambaye kila muhula huja kwa basi, huwacheka wote wawili na kusema ni siku nzima. Nimeyasikiliza mabishano hayo mara nyingi, nami nimeona kwamba hakuna hata mmoja anayesema uongo, ila kila mmoja anapima kitu chake. Basi napenda kuwaeleza ndugu wasomaji jinsi umbali na muda wa safari unavyopimwa, ili kila mtu aweze kujihesabia mwenyewe. Nadhani jambo hili lina faida, maana iko siku ambapo hesabu hii haitakuwa ya ubaoni.

Kwanza tuutazame umbali. Kati ya Dar es Salaam na Dodoma kuna umbali wa namna mbili. Upo umbali wa barabara na reli, nao ni kilomita zipatazo 450, kwa kuwa barabara na reli hazina budi kupinda ili kupita Morogoro na kukwepa milima. Na upo umbali wa ndege, yaani mstari ulionyooka kutoka mji mmoja mpaka wa pili. Umbali huu wa pili kila mwanafunzi aweza kuupata kwa kalamu na karatasi, bila kumwuliza mtu.

Njia yake ni hii. Fungua atlasi utafute mahali pa kila mji. Dar es Salaam ipo kwenye digrii 6.82 kusini ya ikweta na digrii 39.28 mashariki ya Greenwich. Dodoma ipo kwenye digrii 6.17 kusini na digrii 35.74 mashariki. Tofauti ya kusini na kaskazini ni digrii 0.65, na tofauti ya mashariki na magharibi ni digrii 3.54. Digrii moja ya kwenda kaskazini au kusini ni kilomita 111 hivi. Digrii moja ya kwenda mashariki au magharibi hupungua kadiri mtu anavyoondoka katika ikweta, lakini sisi tu karibu na ikweta, kwa hiyo huku kwetu imepungua kidogo tu, nayo ni kilomita 110.6. Ukizidisha utapata kilomita 72 za kwenda kaskazini na kilomita 392 za kwenda magharibi. Hizo ni pande mbili za pembetatu mraba. Sasa mkumbuke Pythagoras: jumlisha mraba wa 72 na mraba wa 392, kisha tafuta kipeo cha pili cha jumla hiyo. Jibu ni kilomita 399, nasi twaweza kusema 400 bila kumdhulumu mtu. Kwa hiyo ndege hupunguza kilomita 50 tu katika njia yote. Faida yake kubwa haimo katika ufupi wa njia, bali katika mwendo.

Hapana budi niongeze onyo moja. Hesabu ya pembetatu yafaa kwa miji iliyo karibu, ambapo kupinda kwa dunia hakuonekani sana. Kwa miji iliyo mbali, kama Dar es Salaam na Mumbai kule India, chukua uzi uuvute juu ya tufe la dunia kutoka mji mmoja mpaka wa pili. Uzi ukikazwa utajitafutia wenyewe njia iliyo fupi kuliko zote, na hiyo ndiyo njia ambayo marubani hujaribu kuifuata. Ukiupima uzi huo kwa kipimo cha tufe utapata kilomita zipatazo 4,700.

Sasa tuje kwenye muda. Ndege za Dash 8-Q400, ambazo Air Tanzania ilizipokea za kwanza mwaka 2016, zina viti 76 na mwendo wa kilomita kama 660 kwa saa zikiwa zimekwisha panda juu. Ukigawa 400 kwa 660 utapata dakika 36. Mbona basi tiketi husema saa moja na dakika kama 10? Sababu zake ni tatu. Ya kwanza, kampuni za ndege hazihesabu muda wa kuwa angani peke yake. Huhesabu tangu ndege inapoanza kuondoka mahali iliposimama mpaka inaposimama tena kule iendako, na katikati kuna kutembea polepole kwenye njia za uwanja na kungoja zamu ya kuruka. Ya pili, ndege haipati mwendo wake wote mara moja. Hutumia dakika nyingi kupanda, na dakika nyingine nyingi kushuka, na uwanja wa Dodoma wenyewe upo kwenye uwanda wa juu, mita zipatazo 1,120 kutoka usawa wa bahari. Katika safari fupi kama hii, mara tu inapotulia juu hewani huanza kujiandaa kushuka. Ya tatu ni upepo: ukivuma kutoka nyuma huisukuma, na ukivuma kutoka mbele huichelewesha. Kwa hiyo mwandishi wa ratiba huacha nafasi kidogo.

Reli nayo ina historia yake. Kabla ya reli watu walikwenda kwa miguu. Mwaka 1857 Burton na Speke waliondoka pwani na msafara wao, wakapita Ugogo, wakafika Kazeh, ndiyo Tabora ya leo, baada ya siku 134. Wajerumani walianza kujenga Reli ya Kati kutoka Dar es Salaam mwaka 1905. Ilifika Morogoro mwaka 1907 na Dodoma mwaka 1910, na safari ya majuma mengi ikawa safari ya siku moja na usiku wake. Wazee wetu waliita chombo kile gari la moshi. Jina hilo halifai tena kwa treni mpya, maana haina moshi hata chembe. Yaendeshwa kwa umeme. Treni hiyo ilianza kuchukua abiria kati ya Dar es Salaam na Morogoro tarehe 14 Juni 2024, na ikafika Dodoma tarehe 25 Julai mwaka huo huo. Mwendo wake wa juu ni kilomita 160 kwa saa. Kama ingekwenda kwa mwendo huo mwanzo mpaka mwisho, ingefika Dodoma kwa muda usiotimia saa 3. Lakini yapasa ianze polepole, ipunguze mwendo ikaribiapo stesheni, na isimame ili watu wapande na kushuka. Ndiyo sababu ile ya haraka ilipangiwa muda wa saa 3 na dakika 25 hivi, na ile isimamayo vituo vingi ikakaribia saa 4.

Basi la abiria halina siri. Sheria yakataza lizidi kilomita 80 kwa saa, na katika makazi ya watu lisizidi 50. Hata kama lingekwenda 80 bila kusimama, kilomita 450 zingelichukua muda wa saa 5 na nusu na zaidi. Ongeza miji, mizani, chakula cha njiani na foleni ya kutoka Dar es Salaam, utaona jinsi muda wa saa 8 unavyopatikana bila mtu kuzembea.

Mpaka hapa nimezungumza habari ya vyombo, wala sijazungumza habari ya mtu. Chombo husafiri kutoka stesheni mpaka stesheni, lakini mtu husafiri kutoka mlango mpaka mlango. Hapa ndipo wengi wetu tunapokosea katika kukisia. Tumchukue mtu akaaye Kariakoo, anayetaka kufika Ihumwa, nasi tumhesabie dakika kwa dakika. Vipimo nitakavyotumia ni vya kukadiria, na msomaji aweza kuvibadili kwa jinsi anavyoijua njia yake.

Akienda kwa ndege, ampe dereva dakika 60 za kufika uwanjani, kwa sababu ya msongamano wa magari. Afike mapema, tuseme dakika 90 kabla, apimiwe mzigo na kukaguliwa. Safari yenyewe dakika 70. Kungoja mizigo na kutoka nje dakika 20. Kutoka mjini Dodoma kuja Ihumwa, kilomita kama 15, dakika 30. Jumla ni dakika 270, yaani muda wa saa 4 na nusu. Hapo nimehesabu uwanja wa zamani, ambao umezungukwa na mji wenyewe. Atakayeshukia uwanja mpya wa Msalato, ambao jiwe lake la msingi liliwekwa mwaka 2022, aongeze dakika zake, maana uko nje ya mji upande wa kaskazini.

Akienda kwa treni ya haraka, stesheni haiko mbali na Kariakoo. Dakika 20 zamtosha. Angoje dakika 60. Safari dakika 205. Kutoka stesheni dakika 15. Kisha hana budi kurudi mashariki alikotoka, maana Ihumwa ipo upande wa mashariki wa Dodoma. Tumpe dakika 45. Jumla ni dakika 345, yaani muda wa saa 5 na dakika 45.

Akienda kwa basi, dakika 60 za kufika kituo cha Mbezi, dakika 30 za kungoja, na dakika 480 za njiani. Lakini basi lina zawadi yake kwa watu wa Ihumwa. Barabara kuu ya Morogoro yapita hapa hapa kwetu kabla ya kuingia mjini, kwa hiyo abiria hushuka karibu na nyumbani, na dakika 5 za mguu zamtosha. Jumla ni dakika 575, yaani muda wa saa 9 na dakika 35.

Linganisha sasa. Katika ratiba, treni yatumia muda karibu mara 3 ya ule wa ndege. Lakini mlango kwa mlango, mwenye ndege amemtangulia mwenye treni kwa dakika 75 tu. Tena katika dakika zile 270 za mwenye ndege, 70 tu ndizo za ndege. 200 zilizobaki ni za barabarani na za kungoja. Kanuni yake ni hii: kadiri miji inavyokaribiana, ndivyo mwendo wa chombo unavyopungua thamani, na ndivyo mambo ya ardhini yanavyozidi kuwa makubwa. Mtu aendaye Mumbai akipoteza dakika 200 ardhini si kitu, maana bahari haina reli. Aendaye Dodoma akizipoteza, amepoteza karibu faida yote aliyoilipia.

Kuna kipimo kimoja zaidi ambacho hakimo katika ratiba yo yote, nami nilikijua katika msiba. Mwaka jana bibi yetu alifariki hapa Ihumwa alfajiri. Kwetu ni Waislamu, na maiti hawekwi. Mazishi yakapangwa siku ile ile baada ya sala ya Alasiri. Simu zilipigwa Dar es Salaam saa moja asubuhi. Mjomba, mwenye uwezo kuliko wote, akasema atakuja kwa ndege, maana ndege ni saa moja tu. Akatafuta nafasi, akaipata katika ndege ya saa tisa alasiri; ya asubuhi ilikuwa imejaa. Shangazi, akaaye Ilala, akajitia khanga begani akaenda moja kwa moja stesheni, akapata kiti katika treni ya asubuhi. Saa nane mchana alikuwa ameketi na wenzake ndani, akamwona mama yake kabla hajatolewa. Mjomba alifika saa kumi na moja kasoro robo, tukiwa tumekwisha rudi kutoka makaburini. Alikwenda peke yake mpaka kaburini, akasimama hapo mpaka magharibi ikaingia.

Hakuna aliyemlaumu, wala hapana mtu wa kulaumiwa. Nalitaja jambo hili kwa sababu laonyesha wazi kwamba safari haianzi chombo kinapoondoka, bali huanza pale mtu anapohitaji kufika. Kwa mjomba, safari ya saa moja na dakika 10 ilikuwa safari ya karibu saa 10, na sehemu kubwa yake ilikuwa kungoja. Kwa hiyo mtu mwenye haraka asiulize, "Chombo kipi chaenda mbio?" Aulize, "Chombo kipi kitanifikisha mapema?" Na jibu lake mara nyingi ni kile kinachoondoka kwanza, kama hakichelewi mno njiani.

Katika kusoma tiketi pia pana mtego. Tiketi za ndege na treni huandikwa kwa hesabu ya saa 24 zianzazo usiku wa manane, nasi Waswahili huanza kuhesabu jua linapochomoza. Palipoandikwa 07:00 si saa saba, bali ni saa moja asubuhi. Palipoandikwa 13:30 ni saa saba na nusu mchana. Kanuni ni kutoa 6 kuanzia 07:00 mpaka 18:59, kutoa 18 kuanzia 19:00 mpaka kabla ya usiku wa manane, na kuongeza 6 kuanzia usiku wa manane mpaka 06:59. Mtu asiyejua hili aweza kufika uwanjani akiwa na mzigo wake na tiketi yake safi, wakati ndege imekwisha rudi ilikotoka.

Na saa za miji je? Dunia huzunguka digrii 360 kwa saa 24, yaani digrii moja kwa kila dakika 4. Dar es Salaam imetutangulia mashariki kwa digrii 3.54; basi jua huwafikia wao dakika 14 hivi kabla yetu. Hata hivyo saa za mkononi hazibadilishwi, maana Tanzania nzima hutumia saa moja, inayotangulia ile ya Greenwich kwa saa 3. Lakini aendaye Mumbai atakuta saa za huko zimetangulia zetu kwa saa 2 na nusu. Akiondoka Dar es Salaam saa kumi jioni na kuruka muda wa saa 6, atafika saa sita na nusu usiku kwa saa za kule. Tiketi itaonekana kama safari ni ya saa 8 na nusu. Na wakati wa kurudi itaonekana kama ni ya saa 3 na nusu. Ndege ni ile ile, njia ni ile ile.

Kabla sijamaliza napenda tutazame mbali kidogo, mpaka Asia. Tokyo na Osaka ni miji miwili ya Ujapani, na umbali wake wa ndege ni karibu kilomita 400, sawa kabisa na wa Dar es Salaam na Dodoma. Ndege huruka kati yake kwa muda wa kama saa moja na dakika 5, kama hapa kwetu. Tarehe 1 Oktoba 1964 Wajapani walifungua reli mpya ya kilomita 515 kati ya miji hiyo, na treni ya haraka ikatumia muda wa saa 4. Mwaka uliofuata ukashuka mpaka saa 3 na dakika 10. Leo treni ya haraka kabisa hutumia kama saa 2 na dakika 20, na treni huondoka mara nyingi sana kwa siku. Matokeo yake ni kwamba wasafiri walio wengi kati ya miji hiyo hupanda treni, ijapokuwa ndege zipo. Sisi, kwa muda wa safari, tulianza mwaka 2024 karibu pale walipoanza wao mwaka 1964. Walichofanya baada ya hapo si kuongeza mwendo peke yake, bali pia kupunguza kungoja: anayekosa treni moja hapotezi siku yake.

Basi, ndugu zangu, siku nyingine mtu atakapokuuliza Dar es Salaam mpaka Ihumwa ni safari ya saa ngapi, usimjibu upesi. Mwulize atoka mlango gani, aenda mlango gani, na chombo cha kwanza chaondoka lini. Kisha chukua karatasi umjumlishie. Na nyumbani kwenu mkiwa na ndugu walio mbali, kaeni mhesabu siku ya amani, mwandike ukutani saa za kuondoka kwa treni, mabasi na ndege. Simu ya alfajiri ikilia, hapatakuwa na mwenye nafasi ya kufanya hesabu.